Nakala Kumi na Nne za Ratiba

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimeshinda hoja, na kwa kuwa hakuna mtu ofisini aliyeelewa jinsi nilivyoishinda, naiandika hapa.

Ofisi ni ya kliniki ya macho inayozunguka kwa boti katika vijiji kumi na vinne vya mwambao wa kusini wa ziwa, ambako barabara ama haijafika, ama ilifika ikachukuliwa na mvua. Nimeajiriwa kwa miezi mitatu kuitengeneza upya tovuti yake. Kila kijiji kitakuwa na ukurasa wake, na juu ya kila ukurasa kutakuwa na kisanduku cha ratiba: boti inafika lini, daktari wa upasuaji yumo au hayumo. Mhudumu wa afya wa kijiji hufungua ukurasa huo kwenye simu, husoma tarehe, huitangaza kwa kipaza sauti, na watu hushuka kutoka milimani. Kazi yote ya kliniki inaning'inia kwenye tarehe hiyo moja.

Mshindani wangu alikuwa dada Merina wa Ujiji, anayetunza ratiba. Ana miaka thelathini na minne na cheti cha miezi sita. Mimi nina shahada, tena ya daraja la kwanza.

Suala lenyewe ni hili. Kisanduku cha ratiba kimo ndani ya kiolezo kimoja kinachotumiwa na kurasa zote, na kiolezo lazima kielekezwe faili la ratiba liko wapi. Namna za kuelekeza ni mbili. Njia kamili huanza na alama ya mkwaju (/), na maana yake ni: nenda kwanza kwenye mlango mkuu wa tovuti, kisha uanze kuhesabu folda. Njia tegemezi haina mkwaju mbele. Yenyewe husema: anza hapo ulipo. Mimi nilitaka njia tegemezi, kwa kuwa nakala ya tovuti hubebwa kwenye flashi ndani ya boti, ambako hakuna mtandao. Ukifungua flashi, njia yenye mkwaju hukimbilia kwenye shina la kompyuta ya boti, yaani folda yake ya juu kabisa, na kukuta patupu.

"Sawa," alisema Merina, "lakini 'hapo ulipo' ni wapi? Ukurasa wa mwanzo uko mlangoni. Ukurasa wa kijiji cha Nyarubanga uko folda mbili ndani. Kiolezo ni kimoja. Utamwambiaje aliyeko barazani na aliyeko jikoni 'geuka kushoto', ukategemea wafike pamoja?"

"Wewe unapendekeza nini?"

"Kila ukurasa ukiambie kiolezo uko hatua ngapi ndani. Kiolezo kianze kwa kupanda hatua hizo, halafu ndipo kitafute faili. Mtandaoni kitafika, kwenye flashi kitafika."

"Yaani kila ukurasa ujitambulishe? Kwa nini tusiudai na cheti cha kuzaliwa?"

Daktari Leonia, mkurugenzi wetu, akacheka. Nimejua tangu klabu ya midahalo chuoni kwamba kicheko cha mwamuzi kina uzito kuliko hoja. Njia tegemezi ikapita.

"Haya, msomi," alisema Merina akifunga daftari lake. "Kicheko nimekisikia. Jibu bado."

Jumatano, 12 Februari

Mvua. Umeme umekatika mara nne.

Jumatano, 19 Februari

Siku ya maonyesho mbele ya bodi. Saa mbili asubuhi nilifungua ukurasa wa Nyarubanga kwa mara ya mwisho ya uhakiki, na ukweli ni kwamba ilikuwa mara ya kwanza. Kisanduku kilikuwa kitupu. Nikafungua wa kijiji kinachofuata, kitupu. Vyote kumi na vinne. Kiolezo kilikuwa kimeanza kutafuta "hapo kilipo", yaani ndani ya folda ya kijiji, na ndani ya folda ya kijiji hapakuwa na faili la ratiba.

Kuirekebisha kwa namna ya Merina kungenichukua siku nzima, na ningelazimika kueleza kwa nini ninatumia namna ya Merina. Bodi ilikuwa inaingia saa nne. Nikachukua faili la ratiba, lenye tarehe zote hadi mwisho wa Machi, nikalinakili, nikaweka nakala moja katika folda ya kila kijiji. Dakika kumi. Visanduku vyote vikajaa.

Wazee wa bodi walipiga makofi. Merina hakupiga, alikuwa amesogea kwenye skrini kuliko wote.

"Kurasa za vijiji zinachota ratiba wapi?"

"Palepale."

"Palepale wapi?"

"Dada, umeona kwa macho yako inafanya kazi. Unataka nini tena, kiapo?"

Nakala hizo nitaziondoa Jumatatu.

Jumatatu, 24 Februari

Imenyesha tangu alfajiri. Daktari anataka ukurasa wa picha. Sikuziondoa.

Jumatatu, 3 Machi

Kila Jumamosi alasiri Merina hupiga simu kwa wahudumu wote kumi na wanne, mmoja baada ya mwingine. Nilimsikiliza juzi. Huanza na hali ya wazazi, huja kwenye watoto, hupita kwenye muhogo kama umeoza shambani, na mwishoni kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza amekumbuka, hutaja tarehe ya boti na kumtaka mhudumu airudie. Saa tatu zinakwisha.

Nimemwandikia Daktari waraka wa ukurasa mmoja. Nimeuliza: ikiwa tovuti ipo, simu ni za nini? Nimeziita "kazi ya mikono isiyo na tija". Ni waraka mzuri.

Ijumaa, 7 Machi

Waraka umekubaliwa. Merina aliusoma akiwa amesimama, akaurudisha mezani kwangu.

"Unaandika vizuri, mdogo wangu."

Nilimshukuru. Sasa hivi, ninapoandika, sina hakika kama nilipaswa kushukuru.

Jumapili, 16 Machi

Mvua siku ya sita mfululizo. Njia ya kwetu Gungu imekuwa tope tupu; waendesha bodaboda wanashusha abiria mbali, kila mtu anabeba viatu vyake mkononi.

Jumamosi, 22 Machi

Nahodha anasema ziwa litachafuka mwishoni mwa wiki ijayo. Boti imewahishwa: badala ya kufika Nyarubanga Alhamisi tarehe 27, itafika Jumanne tarehe 25. Merina alibadilisha faili la ratiba mbele yangu, akafungua ukurasa wa mwanzo, ukaonyesha 25. Akaunyosha mkono kuelekea simu, akaurudisha.

Nami nilikuwepo. Nilikuwa nikimwonyesha mhasibu kosa la mantiki katika tahariri ya gazeti.

Ijumaa, 28 Machi

Boti ilifika Nyarubanga Jumanne asubuhi. Mwaloni, ufukweni boti zinapotia nanga, palikuwa na wanawake wawili wanaofua. Nahodha alipiga honi mara nyingi; Samson, mhudumu wa kijiji, alikuwa amepanda mlimani kutembelea wagonjwa; watu walikuwa mashambani. Wa kwenye boti walisubiri kwa saa mbili, mawimbi yakaanza kupanda, wakaondoka. Daktari wa upasuaji alikuwemo. Ameshaondoka Kigoma kwa treni, na hatarudi hadi Agosti.

Jana, Alhamisi, watu arobaini na mmoja walishuka mwaloni Nyarubanga. Samson alikuwa ametangaza tarehe 27 kwa siku tatu, akiamini ile boti ya Jumanne ilikuwa inapita tu. Walisimama kwenye mvua tangu saa moja asubuhi hadi saa nane. Miongoni mwao ni bibi Marsiana, ambaye jicho moja lilikufa zamani, na la pili lina mtoto wa jicho aliyekomaa. Lilikuwa lifanyiwe upasuaji siku hiyo. Wajukuu walimbeba kwa zamu, saa nne za kuteremka. Ilipokuwa wazi kwamba hakuna boti, wakambeba tena kupanda.

Daktari Leonia alitusimulia haya mlangoni, mwavuli ukiwa bado wazi mkononi. Hakuna aliyemwambia aufunge.

Jumatatu, 31 Machi

Daktari aliweka simu yake katikati ya meza.

"Hii picha kanitumia Samson. Ni ukurasa wa kijiji chake, Jumatano jioni. Someni tarehe."

Ilikuwa 27.

"Nilibadilisha Jumamosi, Daktari," alisema Merina. "Leodgar alikuwepo."

"Ulibadilisha wapi?"

"Kwenye faili la ratiba. Liko moja."

"Kama ni moja, mbona Samson anaona jingine?"

Hapo Merina akageuka kunitazama. Hakuwa akinishitaki. Alikuwa akiniuliza, kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake juu ya ukuta waliojenga pamoja. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Nilijua tangu simu ilipogusa meza: nakala kumi na nne, za tarehe 19 Februari, zimekaa ndani ya folda zao bila kuguswa na mtu, kila moja ikisema kilichokuwa kweli siku ile.

"Leodgar," alisema Daktari, "mfumo wako una tatizo?"

Nikasema: "Mfumo hauna kasoro, Daktari. Unaonyesha ulichopewa."

Nimeichambua sentensi hiyo tangu nirudi nyumbani. Haina neno la uongo. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba waongo wa hali ya juu hujengwa kwa sentensi za namna hiyo, na siku zote nilipowasoma nilidhani ninasoma habari za watu wengine.

Merina hakujitetea tena. Alisema tu, "Sawa," akaandika kitu kwenye daftari lake.

Jumatano, 2 Aprili

Nimezifuta nakala zote. Kisha nimefanya alichosema Merina tarehe 3 Februari: kila ukurasa sasa unakiambia kiolezo uko hatua ngapi ndani, kiolezo kinapanda hatua hizo, kinafika kwenye faili moja. Nimejaribu mtandaoni, nimejaribu kwenye flashi. Imechukua siku moja kamili, kama nilivyokisia.

Daktari alipita, akaniuliza ninafanya nini. Nikasema ninaimarisha. Akasema, "Afadhali tuna wewe."

Ijumaa, 4 Aprili

Ujumbe wa ofisi kwa wahudumu wote, kwenye kundi la WhatsApp: "Kosa la Nyarubanga limetokana na uzembe wa mtunza ratiba, Merina. Mkataba wake ukimalizika tarehe 30 Aprili hautaongezwa. Tunaomba radhi." Samson akajibu kwamba ameusoma ujumbe huo kwa kipaza sauti, maana watu walikuwa wanamlaumu yeye, na walitaka jina.

Merina yumo kwenye kundi hilo. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Simu yake ilitetemeka, akaisoma, akaifunika juu ya meza, akaendelea kuchapa ratiba ya Aprili.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Hatusemezani. Yaani yeye ananisemesha kama kawaida, mimi ndiye nisiyejibu zaidi ya neno moja.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimegundua kitu ambacho miezi miwili sikukiona. Merina hujaribu kila kitu mara mbili, mara ya pili kwenye simu mbovu yenye kioo kilichopasuka aliyoinunua makusudi, kwa sababu ndiyo aina wanayotumia wahudumu wengi. Nilidhani ni umaskini. Kumbe ndiyo elimu yenyewe, na mimi sikuwa nayo.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda Ujiji. Nilimkuta barazani amefungua mashine ya kuchapia ya jirani, vyuma vimepangwa juu ya gazeti. Mama yake alikuwa ndani, dirisha wazi.

"Karibu, msomi. Umechelewa."

"Tulikuwa na ahadi?"

"Wewe hukuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo." Alifuta mikono. "Siku ileile ya kikao nilirudi mezani nikafungua folda za vijiji. Nakala kumi na nne. Tarehe kumi na tisa Februari, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, jina lako. Nilizipiga picha."

Nilikuwa nimeandaa maelezo yenye sehemu tatu. Sikuikumbuka hata ya kwanza.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Daktari aliyecheka? Angekuita, nawe ungeeleza, unajua kueleza. Ningeonekana nimeweka mwenyewe." Akaokota parafujo, akaiweka mahali pake. "Halafu nilitaka nione utachukua siku ngapi. Mimi nilisema mbili. Mama akasema hutakuja kabisa."

"Bado sijashindwa!" sauti ikatoka dirishani. "Amekuja, sawa, lakini amesema nini? Tangu aingie nasikia wewe tu ndiye unayeongea!"

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Haya, sema sasa."

Nikasema. Nilisema nimeweka nakala kwa sababu ya aibu, nimenyamaza kwa sababu ya aibu, na simu zake za Jumamosi nilizizima kwa sababu sikuweza kuvumilia kazi nisiyoielewa ifanyike vizuri mbele yangu. Merina aliendelea kuiunga mashine.

"Nakala umezifuta?"

"Ndiyo."

"Ukaweka zile hatua?"

"Ndiyo."

"Kwenye flashi zinakubali?"

"Zinakubali."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza, si kwangu, bali kama mtu aliyepokea habari kwamba mwanawe aliyeko mbali ni mzima. "Nilijua zitakubali," alisema. Kisha tabasamu likaondoka. "Nenda kamwambie aliyekuajiri. Hapa kwangu umeshasema."

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia Daktari Leonia. Nilisimama, sikuweza kuomba kiti. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza mambo mawili tu: ni nani mwingine aliyejua, na nilijua tangu lini.

"Tangu simu ilipokuwa mezani," nilisema.

"Wiki mbili." Alivua miwani. "Kila asubuhi kwa wiki mbili umeingia hapa ukaniamkia, Leodgar, nami nikapokea. Nimemwandikia yule binti maneno mabaya kwa mkono wangu, wewe ukiwa chumba cha pili." Akaitazama miwani kana kwamba ndiyo iliyomkosea. "Nami nilicheka. Hilo ni langu, sitakubebesha."

Mkataba wangu unakwisha pamoja na wa Merina. Sikuomba chochote. Amemwita Merina aje Alhamisi.

Alhamisi, 17 Aprili

Daktari alimwomba Merina radhi mbele ya ofisi nzima, akamwomba abaki. Merina alishukuru, akakataa. Shule moja ya Mwanga imekubali kumchukua kuanzia Mei.

"Dada Merina, tafadhali fikiria tena," alisema Daktari.

"Nimefikiria, Daktari. Sina kinyongo nawe. Lakini siku nyingine tukitofautiana hapa ndani, nitakuwa nikitazama uso wako kwanza kabla sijasema. Siwezi kufanya kazi hivyo."

"Basi kuna lolote tunaloweza kukufanyia?"

"Lipo. Jina langu lilisomwa mwaloni Nyarubanga kwa kipaza sauti. Kundi la WhatsApp halitoshi. Watu wale hawamo kwenye kundi. Lisomwe tena palepale na aliyekosea mwenyewe."

Wote wakanitazama. Nikasema nitakwenda.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua na upepo. Boti imezuiwa. Nimeandika maelezo yangu upya. Yamefika kurasa mbili.

Jumamosi, 26 Aprili

Tulifika Nyarubanga saa tano asubuhi, manyunyu yakianguka. Merina alikuwa amewapigia simu wahudumu wote tangu Jumamosi iliyopita bila kumwomba mtu ruhusa, kwa hiyo watu walikuwepo, labda sabini, wamejibanza chini ya mapaa ya mabanda ya kukaushia dagaa. Merina mwenyewe hakuja. Samson alinipokea ukingoni.

"Mwakeye," nilimsalimu kwa Kiha.

Aliitikia kwa adabu, akanitazama toka viatuni hadi kichwani. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Akanipa kipaza sauti.

Nilikunjua kurasa zangu mbili. Nilianza na utangulizi juu ya namna habari zinavyosafiri kutoka chombo kimoja hadi kingine. Sikuwa nimemaliza aya ya kwanza mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akapaza sauti:

"Kaka, fupisha, tunalowa! Nani alikosea?"

"Mimi."

"Basi si useme hivyo?"

Watu wakacheka, si kwa furaha. Nikakunja karatasi. Nikasema kwamba naitwa Leodgar, kwamba tarehe waliyotangaziwa mwezi uliopita ilikuwa kosa langu, kwamba dada Merina alibadilisha tarehe ipasavyo na kwa wakati, na mimi nilikuwa nimeweka nakala ya zamani mbele ya macho yao. Kwamba nilijua, nikanyamaza, akabebeshwa yeye. Haikufika hata dakika mbili. Sijawahi kutoa hotuba fupi hivyo, wala iliyonichosha hivyo.

"Na daktari wa upasuaji?" aliuliza mzee mmoja. "Anakuja lini?"

"Agosti."

Mzee alihesabu miezi kwa vidole vyake, akamweleza aliyekuwa karibu naye, na huyo akamweleza mwingine, neno likaenda likipita chini ya mapaa mpaka likafika mwisho.

Nilikuwa nikimrudishia Samson kipaza sauti aliponishika mkono. "Bibi Marsiana anakuita."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa banda, mjukuu wake akimkinga kwa kipande cha turubai. Jicho lake lililobaki lilikuwa jeupe kama maziwa. Niliinama, nikamwamkia, nikaanza kumwomba radhi kwa yale maumivu ya kubebwa kushuka na kubebwa kupanda. Akanikatiza kwa kuinua kiganja.

"Hayo nimeyasikia. Wewe ndiye uliyesema sasa hivi?"

"Ndimi, bibi."

"Basi litaje tena jina la yule binti. Polepole."

"Merina."

"Wa wapi?"

"Wa Ujiji, bibi."

"Merina wa Ujiji." Alilirudia mara mbili, kwa uangalifu, kama mtu anayeshika ufunguo gizani. "Wiki tatu nzima nimemtaja vibaya kwa Mungu, asubuhi na jioni. Sasa ondoka hapo mbele yangu, mjukuu wangu. Nina maneno mengi ya kuyarudisha."